DHCP seva ya mtandao mdogo: maswali yanayorudiwa kila siku na majibu yake

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wanaohangaika kweli, walimu wa maabara za kompyuta, vijana wanaofunga mitandao ya gesti na ofisi ndogo, na wengine wameamua tu kujifunza nyumbani. Mfano nitakaoutumia ni mmoja mwanzo mpaka mwisho: maabara ya shule yenye kompyuta 30, printa moja na akses pointi mbili (vifaa vya kutoa waifai), ruta ya intaneti ni 192.168.10.1, na seva ya DHCP ni kompyuta ya zamani yenye Debian (aina ya Linux), IP yake, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao, ni 192.168.10.2, programu ni dnsmasq. Mtandao wako ukiwa na namba zingine badilisha, usinakili tu.

## Mwanzo kabisa

1. Hivi DHCP inafanya kazi gani hasa?

Inagawa IP. Kompyuta ikiwaka haijui chochote kuhusu mtandao iliopo, kwa hiyo inapiga kelele kwa wote waliopo kwenye waya: kuna mtu wa kunipa IP? Hiyo ndo DISCOVER. Seva inajibu kwa OFFER, chukua hii, kompyuta inarudi na REQUEST, sawa naitaka hiyohiyo, seva inamaliza na ACK. Mambo manne, mara nyingi yanaisha hata sekunde haijafika. Seva inasikiliza port 67 ya UDP na kompyuta inasikiliza 68, zishike hizo namba mbili maana fayawoli ikizifunga hakuna kitakachoenda.

Pamoja na IP, kompyuta inapewa sabneti maski (inayoonyesha mtandao wake unaishia wapi), getiwei ya kutokea nje, na DNS ya kuulizia majina. Na IP haitolewi mazima, inakodishwa kama chumba cha gesti, muda ukiisha bila kulipia siku nyingine anapewa mwingine.

2. Ruta yangu tayari inagawa IP, kwa nini nihangaike na seva nyingine?

Kama una vifaa kumi nyumbani na hakuna kinachokusumbua, baki na ruta yako, sikushauri ujiongezee kazi. Seva inakuja kuwa ya maana pale unapotaka kujua nani kachukua IP gani na saa ngapi, au unapotaka printa na kamera zikae kwenye namba zilezile, au ruta uliyopewa na kampuni ya intaneti inakubana haikuruhusu kubadilisha kitu. Kingine ambacho watu hawakifikirii mapema ni kwamba siku ukihama kampuni ya intaneti ruta inaondoka na mpangilio wako wote, ila DHCP ikiwa kwenye seva yako unabadilisha ruta, mpya unaipa namba ileile 192.168.10.1 na wanafunzi wala hawajui kama kuna kitu kimebadilika.

3. Nahitaji kompyuta kubwa kiasi gani?

Ndogo sana. Pentium ya zamani yenye RAM ya 1 GB inatosha, Raspberry Pi inatosha. DHCP ni vipaketi vichache kila baada ya masaa. Angalia zaidi kama mashine inaweza kukaa inawaka muda wote bila kuchemka, na kama umeme ukirudi inajiwasha yenyewe (hilo linasetiwa kwenye BIOS, litafute mapema kabla hujaifungia kabatini).

4. dnsmasq, ISC au Kea, nichague ipi?

Kwa mtandao mdogo chukua dnsmasq, inafanya DHCP na DNS kwa pamoja na faili lake la mipangilio ni mistari kumi tu. Ile ya ISC, inayoitwa dhcpd, ndo utaikuta kwenye maelekezo mengi ya zamani, lakini wenyewe ISC waliacha kuiendeleza mwishoni mwa 2022 na wanawaelekeza watu kwenye Kea. Kea ni nzuri ila imetengenezwa kwa mitandao mikubwa, mipangilio yake inaandikwa kwa JSON, mtindo wa mabano na koma, koma moja ikikosekana haiwaki. Ukifika huko utaijua tu.

## Kabla hujagusa kibodi

5. Namba nizipange vipi?

Hapa ndo naomba utulie, chukua karatasi. Watu wengi wanaruka hatua hii wanakimbilia komandi halafu wanarudi wiki mbili baadaye mtandao umevurugika hawajui IP gani ni ya nani.

Kwanza chagua namba za ndani, zile za 10, za 172.16 mpaka 172.31, au za 192.168. Mimi nakwepa 192.168.0 na 192.168.1 kwa makusudi kabisa, sababu ruta nyingi za dukani zinatoka kiwandani na namba hizo, kwa hiyo siku mtu akichomeka ruta yake kwenye mtandao wako utaijua kwa kuangalia IP tu (swali la 14 linaeleza hilo). Ndo maana mfano wetu ni 192.168.10.

Halafu gawa. Ukiwa na maski ya 255.255.255.0 una namba 254 za kutumia. Kwenye maabara yetu 1 mpaka 19 ni vifaa vya mtandao wenyewe, yaani ruta, seva, swichi, akses pointi, hizo unaziandika kwa mkono ndani ya kifaa. 20 mpaka 99 ni vitu vinavyopewa namba ya kudumu na DHCP, kama printa na kamera. 100 mpaka 199 ndo za kugawa kwa yeyote anayekuja. 200 kwenda juu tumeziacha, zitakuja kuhitajika. Karatasi hiyo ibandike karibu na swichi, na ukibadilisha kitu badilisha na karatasi.

6. Lazima seva yenyewe iwe na IP ya kudumu?

Lazima. Seva haiwezi kujigawia IP halafu igawe za wengine. Kwenye Debian fungua `/etc/network/interfaces` uandike hivi, ila jina la kadi ya mtandao libadilishe, la kwako unaliona kwa `ip addr`:

```
auto enp3s0
iface enp3s0 inet static
    address 192.168.10.2/24
    gateway 192.168.10.1
```

Kwenye Ubuntu seva mpangilio unakaa kwenye Netplan, faili lingine ila wazo ni lilelile. Instoli dnsmasq kwanza kwa `sudo apt install dnsmasq` ukiwa bado una intaneti, ndo uanze kugusa IP, maana ukikosea utajikuta huna intaneti ya kushushia programu.

## Kuseti

7. Faili la mipangilio linakaaje?

Lile linalokuja na dnsmasq ni refu na karibu lote ni maelezo. Liweke pembeni kwa `sudo mv /etc/dnsmasq.conf /etc/dnsmasq.conf.zamani` halafu andika lako:

```
interface=enp3s0
bind-dynamic
dhcp-authoritative
dhcp-range=192.168.10.100,192.168.10.199,255.255.255.0,12h
dhcp-option=option:router,192.168.10.1
dhcp-option=option:dns-server,192.168.10.2
no-resolv
server=1.1.1.1
server=8.8.8.8
log-dhcp
```

Mstari wa kwanza unaiambia isikilize kadi hiyo tu. `bind-dynamic` inasaidia pale ambapo kadi inachelewa kuwaka, kwa mfano umeme umerudi na swichi bado haijaamka. `dhcp-authoritative` maana yake mimi ndo mwenye mtandao huu, kompyuta ikija na IP ya kwingine inaambiwa hapana mara moja badala ya kuachwa inasubiri. Mstari wa `option:router` usiusahau kabisa, ukiuacha dnsmasq inajitangaza yenyewe kuwa getiwei, kompyuta zinapata IP vizuri, zinaonana vizuri, ila intaneti hakuna, na hapo mtu anaweza kukesha akitafuta tatizo kwenye ruta wakati ruta haina kosa.

Ukimaliza piga `sudo dnsmasq --test`, ikisema syntax check OK ndo urestati kwa `sudo systemctl restart dnsmasq`. Halafu fungua logi na `sudo journalctl -fu dnsmasq`, washa kompyuta moja, utaona yale mambo manne ya swali la 1 yakipita mbele ya macho yako, na ukiyaona kwa macho mara moja hutayasahau tena.

8. DHCP ya ruta niizime lini?

Dakika ileile unayowasha ya seva. Zisikae mbili zikigawa namba zinazoingiliana. Mimi nafanya jioni watu wameondoka, nazima ya ruta, nawasha ya seva, najaribu na kompyuta moja. Kabla ya kuizima piga picha ukurasa wa mipangilio yake kwa simu, ukikwama unajua pa kurudi.

9. Muda wa kukodi niweke masaa mangapi?

Inategemea nani anakuja. Maabara au ofisi ambapo watu ni walewale, 12h au hata 24h iko poa. Gesti, mgahawa, sehemu ambayo mtu anakaa nusu saa anaondoka, weka 1h au 2h, vinginevyo simu za watu waliokwishaondoka zitashikilia namba zote. Usipoandika kitu dnsmasq inaweka saa 1, na haikubali chini ya dakika 2.

Kifaa hakisubiri muda uishe. Kikifika nusu kinaomba kuongezewa kwa seva ileile, kwa hiyo kwenye 12h kinaomba baada ya masaa 6. Kikikosa jibu kinaendelea kujaribu mpaka asilimia 87.5, yaani masaa 10 na nusu, hapo kinaanza kuuliza seva yoyote iliyopo. Ndo maana seva ikifa asubuhi vifaa havipotezi IP hapohapo, na ndo maana pia ukibadilisha DNS kwenye faili mabadiliko hayaonekani papo hapo kwa kila mtu. Ukiwa unapanga kubadilisha mambo mengi, siku mbili kabla shusha muda uwe mfupi, ukimaliza rudisha.

10. Printa inabadilika IP kila mara na watu hawawezi kuprinti, nifanyeje?

Iwekee namba ya kudumu kutoka kwenye seva, usiiandike kwenye printa yenyewe. Tafuta MAC yake, yaani namba ya kiwandani ya kadi yake ya mtandao (iko kwenye kibandiko nyuma au kwenye karatasi ya taarifa za mtandao inayoprintiwa na printa yenyewe) halafu ongeza mstari:

```
dhcp-host=00:11:22:33:44:55,192.168.10.20,printa
```

Hiyo namba ya 20 iko nje ya zile za kugawa na haina shida, ilimradi ni mtandao uleule. Restati dnsmasq, zima printa, washa. Na kwa kuwa dnsmasq ni DNS pia, mashine zinazotumia seva yako zinaweza kuiita kwa jina `printa`.

11. DNS niweke ya Google moja kwa moja au ya seva?

Ya seva, kama kwenye mfano. Seva inakumbuka majibu, darasa zima likifungua tovuti moja swali linaenda nje mara moja tu, na kwenye intaneti ya polepole hilo linasikika. Hasara ni kwamba seva ikizima majina hayafunguki hata kama ruta iko hai, kwa hiyo kama huna uhakika na mashine yako weka DNS ya ruta au 8.8.8.8 kwenye `option:dns-server`, ila majina ya ndani kama `printa` hutayapata.

## Ikigoma

12. Kompyuta inaonyesha 169.254 na namba za ajabu, hiyo IP imetoka wapi?

Imejipa yenyewe. Windows ikiita ikakosa jibu inachukua namba ya 169.254, kwa hiyo hiyo ni habari njema kidogo, inakuambia kadi inafanya kazi ila seva haijasikika. Fuata waya kwanza, nasema hivi kwa uzoefu, taa ya swichi inawaka? Halafu nenda kwenye seva, `systemctl status dnsmasq`, inawaka? Kisha logi: kama DISCOVER haionekani kabisa basi sauti ya kompyuta haifiki, ni waya, swichi au fayawoli ya seva. Kwa ufw (fayawoli ya Ubuntu na Debian) unafungua na `sudo ufw allow 67/udp`, na 53 pia kama seva ndo DNS yako. Kama DISCOVER inaonekana na seva inasema haina namba ya kutoa, nenda swali la 16.

Kuna hali moja ya kuchanganya, kompyuta inakosa IP wakati wa kuwaka, ukisubiri kidogo ukijaribu tena inapata. Hiyo mara nyingi ni swichi kubwa yenye spanning tree (kinga ya waya zisizunguke), inashikilia tundu kama sekunde 30 kabla ya kuruhusu paketi. Tundu za kompyuta ziwashie PortFast, zisisubiri hivyo.

Kujaribu upya bila kurestati mashine, kwenye Windows ni `ipconfig /release` halafu `ipconfig /renew`.

13. dnsmasq haiwaki, inasema port 53 inatumika

Uko Ubuntu, si ndiyo? Pale kuna systemd-resolved imeshakaa kwenye 53. Ukiwa na `bind-dynamic` pamoja na `interface` kama kwenye swali la 7 kwa kawaida hazigombani tena. Kama hutaki kabisa DNS ya dnsmasq weka `port=0`, itabaki DHCP peke yake, ila hakikisha umeandika DNS nyingine kwenye `option:dns-server`.

14. Kompyuta zingine zinapata IP ambayo siyo ya mtandao wangu kabisa!

Kuna DHCP nyingine ndani ya nyumba. Hili ndo tatizo lililonipotezea muda mwingi kuliko yote.

Shule moja huku Morogoro niliitwa asubuhi, nusu ya maabara ina intaneti nusu haina, na ikirestatiwa inabadilika, iliyokuwa nzima inakufa na iliyokufa inapona. Nilihangaika na seva masaa matatu nikiamini kosa ni langu. Nilipokuja kukaa kwenye kompyuta iliyogoma nikapiga `ipconfig /all`, mstari wa DHCP Server ukasema 192.168.0.1. Mtandao wetu ni 192.168.10, sasa huyo ni nani? Kumbe ofisi ya jirani mtu alileta ruta ya nyumbani apate waifai, akachomeka waya wa ukutani kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani) badala ya WAN (la intaneti), na ile ruta ikaanza kugawa IP kwa shule nzima. Kompyuta nyingi zinakubali ofa ya kwanza kufika, kwa hiyo anayejibu haraka ndo anashinda, na ndo maana ilikuwa nusu kwa nusu. Yule mtu hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alitaka waifai tu, na kusema kweli akses pointi yetu ilikuwa haifiki ofisini kwake, tukamwongezea.

Kwa hiyo anza na `ipconfig /all` kwenye mashine yenye shida, usianze na seva. Ukipata IP ya mvamizi piga `arp -a` upate MAC yake, nusu ya kwanza ya MAC inataja kampuni iliyotengeneza, ukijua ni ruta ya aina gani inakuwa rahisi kuitafuta kwa macho. Swichi unayoweza kuingia na kuiseti itakuonyesha MAC hiyo iko tundu namba ngapi. Kama swichi ni ya kawaida, chomoa waya mmoja mmoja huku ukijaribu tena, ni kazi ya kuchosha ila inafika mwisho. Kutoka kwenye Linux unaweza kuwaita wote kwa mara moja: `sudo nmap --script broadcast-dhcp-discover`. Ukikuta IP za 192.168.137, hapo siyo ruta, ni kompyuta ya Windows ambayo mtu kaiwashia kushea intaneti.

Dawa ya kudumu ni swichi yenye DHCP snooping, unaiambia tundu la seva ndo pekee linaruhusiwa kutoa ofa, zingine zote zikijaribu ofa zao zinatupwa. Kama bajeti inaruhusu swichi moja nzuri, inunue kwa ajili ya hili.

15. Windows inasema kuna IP conflict

Vifaa viwili vina namba moja. dnsmasq inaping namba kabla ya kuitoa kwa hiyo si rahisi iwe imeitoa mara mbili, karibu kila mara ni mtu aliyeandika IP kwa mkono ndani ya zile za 100 mpaka 199. Mtafute kwa MAC kama swali la 14, mhamishie kwenye `dhcp-host`.

16. IP zimeisha, logi inasema hakuna ya kutoa

Fungua `/var/lib/misc/dnsmasq.leases`, kila mstari ni kifaa kimoja na MAC yake, IP na jina. Ukikuta ni simu tupu, punguza muda wa kukodi (swali la 9). Ukikuta ni vifaa halali kweli, ongeza, kwenye mfano wetu unaweza kusogeza mpaka 250. Ikizidi hapo panua maski iwe 255.255.254.0, unapata namba 510 kutoka 192.168.10.1 mpaka 192.168.11.254, ila kila kifaa ulichokiandikia IP kwa mkono, ruta ikiwemo, lazima ukibadilishie maski pia, na hapo ndo utashukuru ile karatasi ya swali la 5.

## Mambo ya pembeni

17. Simu niliyoiwekea namba ya kudumu inapata nyingine

Simu za siku hizi zinaficha MAC yake ya kweli. Android kuanzia 10 na iPhone kuanzia iOS 14 zinatengeneza MAC ya bandia kwa kila waifai. Utaijua, herufi ya pili ya MAC ni 2, 6, A au E. Mwenye simu anaweza kuizima hiyo kwa waifai yako peke yake, mwombe, usimlazimishe, ipo kwa ajili ya kumlinda.

18. Umeme ukikatika seva inasahau?

Hapana, faili la swali la 16 linakaa kwenye diski. Tatizo liko kwa Raspberry Pi, mpaka Pi 4 hazina saa ya ndani, zikiwaka bila intaneti saa inakuwa si sahihi na hesabu ya muda wa kukodi inayumba. Nunua kisaa chake cha betri, au Pi 5 ambayo saa inayo ila betri unaongeza mwenyewe. UPS ndogo kwa seva, swichi na ruta ni bora kuliko yote hayo.

19. Naweza kuweka seva mbili, moja ikifa nyingine iendelee?

Ndiyo ila zigawane namba, ya kwanza itoe 100 mpaka 149, ya pili 150 mpaka 199, na zote mbili ondoa `dhcp-authoritative`, la sivyo kila moja itakataa wateja wa mwenzake. Mistari ya `dhcp-host` iwe sawa kote. Ukitaka zinazojuana kweli na kubadilishana taarifa, hapo ndo Kea.

20. Naweza kutumia DHCP kuzuia watu nisiowataka?

Kidogo. `dhcp-ignore=tag:!known` inawanyima IP wote ambao hujawaandika kwenye `dhcp-host`. Lakini mtu anayejua ataandika IP kwa mkono na ataingia. Ulinzi uweke kwenye nywila ya waifai na kwenye swichi.

21. Nina VLAN mbili, seva moja inatosha?

Inatosha, ila kelele za DISCOVER hazivuki VLAN (mtandao uliotenganishwa ndani ya swichi ileile), kwa hiyo ruta au swichi ya leya 3, ile inayofanya kazi ya ruta pia, lazima izibebe mpaka kwa seva. Kwenye Cisco ni `ip helper-address 192.168.10.2` kwenye VLAN ya pili. Upande wa seva ongeza `dhcp-range` nyingine ya mtandao huo, na maski iandike wazi maana seva haina kadi huko ya kuikisia. Getiwei nayo ni tofauti, ipe kila `dhcp-range` jina lake kwa `set:` na kila `option:router` ielekeze kwa `tag:`, ukisahau hilo VLAN ya pili itapewa 192.168.10.1 ambayo haiwezi kuifikia.

22. Na IPv6?

Hizo ni namba mpya ndefu za mtandao. Weka `enable-ra` na `dhcp-range=::,constructor:enp3s0,ra-only`, vifaa vitajitengenezea IP vyenyewe, mradi kadi ya seva ina namba za IPv6 ulizopewa. Usiitegemee DHCPv6 (DHCP ya IPv6) pekee kama una simu za Android, kwa kawaida hazipokei IP kwa njia hiyo. Kama kampuni yako ya intaneti haijakupa IPv6 bado, mistari hiyo iache kwanza.